Risala ya Wanafunzi wa Sheria kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuwapongeza Wahadhiri Watafiti, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jaji wa Mahakama Kuu,
Mkuu wa Shule ya Sheria,
Wahadhiri wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzangu,

Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, karibu sana. Tunajua majalada mezani kwako hayaishi, na upepo wa Dodoma mwezi huu wa nane haumwonei huruma mtu aliyevaa suti nyeusi. Tunashukuru umekuja.

Leo tunawapongeza wahadhiri watatu kwa utafiti na uandishi wao. Kwa kawaida mwanafunzi humjua mhadhiri kwa mambo mawili: anavyofundisha na anavyobana maksi. Makala zake hatuzigusi mpaka tulazimishwe. Za hawa watatu tulizisoma wenyewe, ndiyo maana tukaomba risala tuiandike sisi.

Wa kwanza ametafiti mirathi katika mahakama za mwanzo. Alituchukua baadhi yetu tukakae naye benchi la nyuma. Siku hiyo alikuja mama mmoja mjane na shemeji yake. Shemeji ndiye msimamizi wa mirathi, na shamba la mizabibu alikwisha kuliuza. Hakimu akamuuliza ameuza kwa ruhusa ya nani. Akajibu bila wasiwasi, "Mahakama si ndiyo ilinipa?" Akatoa barua ya usimamizi kwenye mfuko wa rambo, imekunjwa mara nne, akaifungua polepole isichanike.

Mheshimiwa, yule bwana hakuwa akidanganya. Aliamini ile karatasi imemfanya mwenye mali. Kanuni zinamtaka msimamizi awasilishe mahakamani, ndani ya miezi 4, orodha ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Na. 5. Fomu hiyo hakuwahi kuiona. Mwalimu wetu angeweza kumaliza makala kwa kusema "wananchi waelimishwe", sentensi ambayo sisi tunaibandika mwisho wa kila tasnifu. Badala yake alilifuata neno lenyewe, "msimamizi". Huku kwetu msimamizi wa shamba ndiye anayeamua nani alime wapi na nani aondoke. Mtu akiambiwa mbele ya ukoo kwamba yeye ni msimamizi, anasikia hivyo hivyo.

Wa pili amejitwisha kazi ya istilahi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, si ya mahakama ya mwanzo peke yake. Tulishangilia, kisha tukapewa zoezi la kuandika hukumu kwa Kiswahili, tukakwama ukurasa wa kwanza. Chukua neno dhamana. Mtuhumiwa hupewa dhamana, nyumba huwekwa dhamana benki, na waziri naye ana dhamana ya wizara. Mhadhiri wetu ameyachambua maneno ya namna hiyo moja moja, akionyesha wapi linatosha na wapi linahitaji mwenzake wa kulisaidia. Daftari lake sasa limechakaa kwa kuazimwa.

Wa tatu nitampitia haraka, kwa sababu amenikataza kumsifu mbele ya watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Yeye alikwenda vijijini kusikiliza kama hao watatu wanapewa nafasi ya kusema. Jibu lake limo kwenye makala, na halifurahishi.

Mheshimiwa, hatuwezi kukuficha. Kazi ya istilahi, iliyokula likizo kadhaa za mwalimu wetu, haikumsaidia kitu alipoomba kupandishwa cheo. Makala moja ya Kiingereza kwenye jarida la ng'ambo, ambalo hata maktaba yetu haina uwezo wa kulilipia, ilihesabiwa kuliko daftari lote. Sisi hilo halituingii akilini, na tunalisema mbele ya wakubwa wetu kwa heshima.

Kwako tuna ombi moja. Hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani tunazisoma bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Mashauri ya mahakama za mwanzo yanabaki kwenye majalada kabatini. Shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ambalo Jaji Mwalusanya aliliamua mwaka 1990 na kumpa mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, lilianzia mahakama ya mwanzo. Tunaomba utusemee, ili watafiti wetu waruhusiwe kuyasoma majalada yaliyofungwa kwa utaratibu utakaolinda majina ya wahusika. Zamani tungeambiwa makao makuu ya Mahakama yako mbali. Tangu 2025 yako hapa hapa Dodoma, nauli ya daladala tu.

Vyeti viko mezani. Fremu moja imepasuka kioo njiani, tunaomba radhi kwa mwenye nayo, itabadilishwa Jumatatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.