Watano tu

Kaka,

Salaam aleikum. Sisi huku Ohio wazima, baridi tu. Mama Salome amenisema kwenye simu kwamba miezi minne imepita sijakuandikia. Ni kweli, nisamehe.

Jana nimemaliza siku tatu za ile kozi ya ngazi ya kati ya kuongoza matukio ya dharura, wanaiita ICS-300, na tangu siku ya kwanza usingizi umenipaa.

Unaukumbuka ule moto wa ghala niliokusimulia? Nilipewa upande wa nyuma, watu kumi na mmoja wote wananiita mimi, redio moja. Kijana mmoja aliita mara tatu kwamba ngazi inateleza. Sikumsikia, akaanguka. Goti lake lilipona, lakini ile sauti ninayo mpaka leo. Sasa mwalimu anaandika ubaoni: mtu mmoja asimamie watatu hadi saba, watano ndio vizuri. Machozi yakanitoka mbele za watu. Miaka yote hii nilidhani ni uzembe wangu.

Tulipewa zoezi la mafuriko. Tukio likikua unaligawa: mkuu wa operesheni, wa mipango, wa ugavi, wa fedha. Fomu 201, ile ya taarifa za mwanzo za tukio, ina nafasi ya kuchora ramani. Nikachora mto, daraja, na uwanja wa shule ambapo magari yanasubiri kupangiwa kazi. Na uongozi unakabidhiwa ana kwa ana, kisha wote wanatangaziwa nani ameshika. Utaratibu huu ulitokana na mioto ya California ya 1970: siku 13, watu 16 wakafa, majengo 700 yakateketea, na vikosi vilivyokuja kusaidiana havikuelewana.

Ila mimi nimeganda kwenye hao watano. Jengo la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024 ulinipigia usiku, sauti imekukauka. Sikukuuliza siku ile: ulikuwa unaitikia watu wangapi?

Nakuja Desemba. Nipe siku mbili na vijana wako wa kujitolea, fomu nitaziandika Kiswahili. Ukisema "kamanda wa tukio" watanielewa, au mna jina lenu? Pale magari yanaposubiri mnapaitaje? Zile redio mbili bado zinashika chaji? Vijana wamebaki wangapi? Na mgongo wako, umekwenda kupiga ile picha au bado unajikaza?

Nijibu kabla sijakata tiketi.

Ndugu yako