Mwanangu, kabla hujasimika tenti piga hodi

Marahaba mwanangu, salamu zako dada'ako kanipa. Kanambia na habari ya baiskeli, kwamba we na mwenzio mnatoka Dar mpaka Mbeya, na gesti hamtaki, mnalala kwenye tenti ili hela ibaki. Baba'ako kanuna, mi nimecheka, maana hiyo njia nimeilala miaka sita nikifuata vitunguu Ruaha Mbuyuni na gesti nililipia siku nikiumwa tu.

Ila nisikilize baba, sehemu ya kulala bure ipo kila mahali lakini isiyo na mwenyewe hakuna, hata pori. Mwaka wangu wa pili gari liliharibika tukaenda kulala na mwenzangu nyuma ya shamba la mtu, tukaona tumejificha vizuri tumepatia, saa saba usiku tochi za macho, mgambo na vijana na marungu, wameshaambiana kuna wezi wa mahindi. Tulikalishwa chini mpaka kunakucha tunataja ukoo mzima. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akauliza swali moja, "Sasa si mngekuja kupiga hodi mlale kwangu?" Nikakosa cha kusema.

Kwa hiyo fikeni mapema, saa kumi au kumi na moja jua bado lipo, mgeni wa saa mbili usiku hata awe malaika anaogopwa. Ulizia ofisi ya kijiji, mtafute mwenyekiti au mtendaji, toa kitambulisho, sema mnatoka wapi mnaenda wapi na mnaondoka saa ngapi. Mara nyingi atawapa uwanja wa ofisi au wa shule, mwezi wa sita si zimefungwa. Parokia nazo msiziogope, mi na ushungi wangu nimelala uwanja wa parokia na sista kaniletea uji. Vikishindikana vyote kuna sheli, ile yenye malori mengi yamepaki, ina taa na mlinzi, ongea naye vizuri na asubuhi muachie buku mbili ya chai. Kelele utazizoea, choo sikisemei.

Mikumi msijaribu kabisa!! Barabara inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50, wanyama wanavuka wanavyotaka, mkifika Doma, kabla hamjaingia hifadhini, tafuteni lori au basi lipakie baiskeli liwavushe mpaka Mikumi mjini.

Mkishaingia kwenye mibuyu mto Ruaha utakuwa unaenda na barabara, pazuri mno, utatamani kulala ukingoni usikie maji. Usithubutu. Kiboko usiku anatoka kula majani na ana njia yake ya siku zote, akikuta tenti humo haizunguki. Na bonde kavu lenye mchanga laini kama godoro lisikudanganye hata msimu ukiwa wa kiangazi, mvua ikinyesha mbali maji yanashuka humo ghafla.

Afu siafu. Kabla ya kusimika zunguka na tochi uangalie chini, ukiona mstari hamia mbali. Mimi waliniingia kwenye blanketi pale Ilula, mwanzo nikadhani ni baridi inanichoma, nilivyoshtuka wamefika kichwani, nilibaki na gauni la ndani barabarani nalipigapiga mbele ya madereva na hakuna aliyecheka, wote yalishawakuta.

Kuanzia Iringa kwenda juu, Mafinga na Makambako, mwezi wa sita na wa saba ni baridi la kweli. Watu wanabeba mablanketi ya kujifunika wanasahau baridi linatokea chini. Ombeni maboksi matupu dukani, yapasueni, tandikeni matatu manne chini ya mkeka. Mkichoka kuomba omba, Kisolanza ipo kama kilomita 50 ukishaipita Iringa, kuna shamba wanapiga kambi hata wazungu wa magari marefu, mnalipia kidogo kuliko chumba na maji ya moto yapo, ila ulizeni bei ya Mtanzania kabla hamjashusha mizigo.

Mbuyuni shuka pale kwenye vitunguu umuulizie yule bibi niliyekuwa nampelekea chumvi, jina langu atalikumbuka. Mwambie u mwanangu, uwanja wake ni mkubwa mtalala. Akianza habari ya magunia mawili niliyoondoka nayo, sema mama anayaleta.