Wauza adapta za gesi, muwe mnauliza kwanza

Mheshimiwa Mhariri, naomba kanafasi niongee na wenye maduka ya vifaa vya safari Kampala na Mbale. Mimi ni mpishi, napanda na wageni Mlima Elgon kutokea Budadiri. Mgeni akija kwa ndege haruhusiwi kubeba kopo la gesi kabisa, hata kwenye begi la chini, kwa hiyo anafika na jiko tu na gesi tutafute sisi, hapo ndo kasheshe inapoanzia.

Majiko mengi wanayokuja nayo yanataka kopo fupi nene lenye nyuzi, unalizungusha mpaka likaze. Hilo huku kulipata ni bahati. Tunaloona dukani ni lile refu jembamba kama la dawa ya mbu, la gramu 220 hivi, halina nyuzi, linachomekwa tu na mdomoni lina kapengo. Sasa juzi nikaenda duka moja nikasema nataka adapta, ile ya kuunganisha kopo refu na jiko la nyuzi, muuzaji hakuuliza kopo gani wala jiko gani, akanipa kitu cha elfu 40, nafika nyumbani kumbe ni ile ya kuhamishia gesi kopo hadi kopo! Narudi, ananiambia mali ikishatoka hairudi. Na hiyo ya kujazia mwenyewe ni hatari jamani, kopo ukilijaza mpaka pomoni ile gesi ya majimaji haina pa kutanukia, likipigwa na jua linaweza kupasuka.

Hata ukipata adapta yenyewe hasa, kuna mambo hawasemi. Kopo refu ukililaza, pengo liangalie juu, maana ndani kuna kamrija kanakovuta mvuke, pengo likiwa chini yanatoka majimaji na moto unaruka hata nyusi zinaungua. Ule mpira mdogo wa kuziba uangalie kama haujapasuka, paka maji ya sabuni, ukiona povu acha. Na usiwashie ndani ya hema.

Halafu baridi. Makopo haya marefu mengi ni butani, na butani ikikaribia nyuzijoto sifuri inakuwa mvivu kutoka, tena kopo lenyewe linazidi kupoa kadiri unavyopika. Pale kambi ya Mude, kama mita 3,500, alfajiri moto unakuwa kama wa mshumaa na wageni wanangoja chai wapande kilele cha Wagagai. Mimi siku hizi nalala na kopo ndani ya blanketi kama mtoto. Ukipata lililochanganywa na propani chukua hilo. Wenzangu wananicheka eti beba sigiri, sasa gunia la makaa siku 4 mlimani nani atalibeba?

Ninachoomba ni kitu kidogo, muweke kopo moja pale kaunta mtu ajaribu kufunga kabla hajatoa hela. Ile ya elfu 40 bado ninayo, haijatumika hata mara moja, na mwenye duka kama anasoma hapa anajijua.

Mpishi wa mlimani,
Budadiri