Wanaoanza Kijapani wapigiane makofi

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wanaofundishana Kijapani wawili wawili aghalabu husahihishana tafsiri tu, kosa la sauti likapita. Sisi Waswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Kwetu haidhuru. Kwa Kijapani, ukivuta "ba" ya obasan (shangazi), umetamka obaasan, yaani bibi, na si kila shangazi atacheka. Dawa ni makofi: mmoja asome, mwenzake apige kofi kwa kila pigo la sauti. Obasan ni manne, o-ba-sa-n. Obaasan ni matano. Hiyo "n" kusimama peke yake isiwashangaze, ni kama "m" ya mtu.

Mtego mwingine ni vijineno vya Kijapani vya kuonyesha mahali, "ni" na "de". "-ni" yetu hubeba yote: niko maktabani, nasoma maktabani. Wajapani huyatenga. Kuwepo: toshokan ni imasu. Kutenda jambo hapo: toshokan de benkyoo shimasu. Aliyezoea "-ni" hubandika "ni" kila mahali. Basi mmoja ataje kitenzi, mwenzake ajibu: kuwepo au kwenda: "ni"; kula, kusoma, kufanya kazi: "de". Sentensi 10 kwa kikao zinatosha.

Na herufi 46 za hiragana, mwandiko wa Kijapani wa kuandika sauti, zishikwe mapema. Kwa herufi zetu watu huandika obasan kwa maneno yote mawili. Kwa hiragana huwezi kukosea: おばさん, おばあさん.

Walimu wa lugha,
Dar es Salaam