Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Sisi wanachama wa Klabu ya Kompyuta tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuona kazi zetu. Katika meza yetu utakuta bodi kadhaa, yaani kompyuta ndogo zenye ukubwa wa kadi ya benki. Hazina skrini wala kibodi, na huenda ukadhani zimewekwa pale kwa mapambo. Tangu asubuhi bodi hizo zinachambua data za wanasayansi ambao hatujawahi kuonana nao. Tunaomba kukueleza zinavyofanya hivyo na nini kinazikwamisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zipo hesabu za kisayansi ambazo kompyuta moja ingezikokotoa kwa miaka mingi bila kuzimaliza, lakini zinaweza kukatwa vipande, na kila kipande kikajitegemea bila kusubiri jibu la kingine. Seva ya mradi hugawa vipande hivyo kupitia intaneti. Kompyuta ya mtu aliyejiunga kwa hiari huchukua kimoja, hukikokotoa wakati mwenyewe haitumii, kisha hurudisha jibu. Mradi wa SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza Mei 1999 kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya Dunia, ndio ulioitangaza njia hii kwa umma. Uliacha kugawa kazi mwishoni mwa Machi 2020, lakini waanzilishi wake walikuwa wameshatuachia BOINC, programu tunayoitumia sisi na inayohudumia miradi mingine mingi.

Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: kama yeyote anaweza kurudisha jibu, mradi utajuaje kwamba ni sahihi? Miradi mingi hupeleka kipande kilekile kwenye kompyuta mbili au zaidi za watu wasiojuana, na majibu hupokelewa pale tu yanapolingana. Utaratibu huu tunaupenda kuliko mambo yote tuliyojifunza, kwa sababu unaipa bodi ndogo hadhi sawa na mashine kubwa. Jibu likishathibitishwa, hakuna anayejali limetoka kwenye kompyuta ya aina gani, mradi tu limefika kabla ya muda uliowekwa kwisha.

Bodi zetu, ziitwazo Raspberry Pi, zinatumia prosesa (chipu zinazofanya hesabu) za ARM, ukoo ulioanzia katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, ambako chipu ya kwanza iliwashwa Aprili 1985. Sifa yake kubwa ni kutumia umeme kidogo, ndiyo maana imeenea katika simu za mkononi. Lakini asije mtu akadhani ni prosesa ya vifaa vidogo tu: Juni 2020, Fugaku ya Japani, iliyojengwa kwa prosesa za ARM, ilishika nafasi ya kwanza duniani kati ya kompyuta kuu.

Raspberry Pi ya kwanza ilitoka Februari 2012 ikiwa na kiini kimoja, yaani sehemu ya prosesa inayokokotoa, cha megahezi 700, na kwa hesabu za namna hii ilikuwa dhaifu mno. Viini vinne vilikuja na Raspberry Pi 2 mwaka 2015, na uwezo wa kushughulikia data kwa mafungu ya biti 64 mwaka uliofuata. Kwa maoni yetu, mlango ulifunguka hasa mwaka 2019, Raspberry Pi 4 ilipokuja na RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) ya hadi gigabaiti 4, na baadaye 8.

Tunasisitiza RAM, Mheshimiwa, kwa sababu wengi huangalia kasi peke yake. Bodi yenye viini vinne hupenda kufanya kazi nne kwa mpigo, na kila kazi hudai sehemu yake ya kumbukumbu. Ikiwa bodi ina gigabaiti moja tu, na mfumo endeshi umeshachukua fungu lake, kila kazi hubakiwa na chini ya megabaiti 256. Mradi wa Rosetta@home wa Chuo Kikuu cha Washington, unaochunguza maumbo ya protini, ulifungua milango kwa ARM ya biti 64 mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19, lakini kazi zake hula megabaiti mamia kadhaa kila moja. Bodi zetu za zamani huishia kuendesha kiini kimoja au viwili, vingine vikikaa bure.

Hizo tumezielekeza Einstein@Home, mradi unaotafuta pulsa, yaani nyota zinazozunguka kwa kasi na ambazo mawimbi yake hutufikia kama mapigo, na kutoa kazi zinazotosha katika kumbukumbu ndogo. Mwaka 2010 mradi huo ulitangaza kugundua pulsa inayozunguka takriban mara 41 kwa sekunde, katika data za darubini ya Arecibo, Puerto Rico. Kompyuta zilizoiona zilikuwa za watu wa kawaida kabisa, wengine Marekani, mwingine Ujerumani. Habari hiyo tumeibandika ukutani, na kila mwanachama mpya huanza kwa kuisoma.

Changamoto ya pili ni joto. Kazi hizi huzishika bodi kwa nguvu zote saa nzima baada ya saa, na ikifika nyuzi joto 80 za Selsiasi bodi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ya tatu ni umeme. Raspberry Pi 4 hutaka volti 5 na ampea 3, yaani wati 15. Ikiunganishwa kwenye chaja dhaifu ya simu, huzimika kazi ikiwa katikati. Kisha ipo kadi ya kumbukumbu, ambamo bodi huhifadhi programu na data, nayo huchakaa kwa kuandikwa kila mara. Tumeiambia BOINC ihifadhi hatua zake kwa nadra, na kadi zinapumua, ila umeme ukikatika tunapoteza sehemu kubwa zaidi ya kazi. Bado tunatafuta kipimo kinachofaa.

Tuseme kweli pia: kadi moja nzuri ya michoro (GPU), ile inayochora picha za kompyuta, hufanya kazi ya bodi nyingi sana kwa pamoja. Hatumshauri mtu anunue bodi kwa ajili ya hesabu hizi pekee. Zetu zilinunuliwa kwa masomo ya programu na vitambuzi, na baada ya vipindi hazina kazi. Tulianza baada ya Mkuu wa Shule kuturuhusu kwa maandishi, kwa kuwa kutumia kifaa na umeme wa mwingine bila idhini yake si kujitolea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba bodi zenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, pamoja na chaja zake halisi, vipoza joto, na diski za SSD badala ya kadi. Tunaomba utusemee kwa uongozi ili bodi ziendelee kuwaka usiku na wakati wa likizo, katika mtandao uliotengwa na ule wa ofisi.

Ombi letu kubwa ni la mwisho. BOINC ni programu huria, na hata upande wa seva yake unapatikana bure kwa yeyote anayetaka kuanzisha mradi. Wewe unafahamiana na watafiti. Tukutanishe na mmoja mwenye hesabu inayokatika vipande na asiye na kompyuta ya kuimaliza. Tuko tayari kujifunza kuendesha seva, na bodi za kuanzia tunazo.

Tunaomba kuwasilisha.