Baba watoto anataka London na Paris kwa mkupuo, na sisi tuna watoto wadogo wawili. Nishaurini jamani

Habari zenu wapendwa, naenda moja kwa moja kwenye shida maana huyu mdogo akiamka hapa sitaandika tena. Tunapanga likizo fupi ya nje mwezi wa sita, Alhamisi mpaka Jumanne, mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka mitano na mdogo wake wa kiume ambaye anatimiza miaka miwili katikati ya safari yenyewe. Hela tumeichanga, ruhusa kazini tumepata wote, watoto kila mmoja ana pasipoti yake, kwa hiyo shida siyo kwenda. Shida ni kwamba mimi na mwenzangu kila mtu anapanga safari yake kichwani na kila mtu anaamini mwenzake ataelewa tukishafika.

Yeye ameshatengeneza ratiba ya eksel, ina rangi, utadhani timu ya taifa inaingia kambini. Tunaanza London, Jumamosi mchana tunapanda ile treni ya kupita chini ya bahari mpaka Paris, Jumanne jioni tunarudi. Hoja yake ni kwamba treni ni kama masaa mawili na robo tu, ukishafika huko ni ujinga kuona mji mmoja ukaacha wa pili uko hapo jirani. Kwenye karatasi yuko sahihi. Ila karatasi haisemi kwamba ile treni unatakiwa ufike mapema upite ukaguzi wa mizigo na pasipoti kama uwanja wa ndege, na kabla ya hapo umeshafungasha nguo za watu wanne, na ukishuka unaanza kutafuta hoteli nyingine na huyu wa miaka miwili ndo kwanza usingizi umemshika begani. Kwa hesabu yangu hiyo Jumamosi yote imekwenda. Halafu Uingereza haimo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo kama ni mtu wa kuomba viza unaomba mara mbili, fomu mbili, malipo mawili, kwa kila kichwa.

Kuna kitu nilimkamata nacho nikadhani nimeshinda. Yale makumbusho ya Paris, alikuwa ameweka Orsay Jumatatu na Louvre Jumanne asubuhi. Nikamwambia baba, Orsay Jumatatu wanafunga, na Louvre Jumanne wanafunga. Akanyamaza, akavuta laptopu, akabadilisha tu, Louvre ikaenda Jumatatu na Orsay ikaja Jumanne, shughuli ikaisha hapo hapo. Nikabaki mdomo wazi.

Mi nilichokuwa nataka ni mji mmoja, kitu kikubwa kimoja asubuhi, mchana turudi watoto walale, jioni tutafute bustani yenye bembea. Kwa mtindo huo naona London ndo rahisi, maana makumbusho makubwa mengi kuingia ni bure, hivyo mtoto akilianzisha baada ya dakika ishirini mnatoka na wala hamuumii roho. Binti yangu ni wa madainosaria asubuhi mpaka jioni, na pale Natural History Museum wapo, tena kuna mifupa ya nyangumi ina urefu wa mita 25 inaning'inia darini ukumbi wa kuingilia, nikimwonyesha picha anauliza kama atatuangukia. Na usafiri ni nafuu kwa wenye watoto, chini ya miaka 11 wanapanda treni za chini ya ardhi na mabasi bure wakiwa na mtu mzima.

Lakini sasa hizo treni zenyewe! Nyingi ni za zamani, ya kwanza ilianza 1863, na stesheni kibao hazina lifti, ni ngazi tu. Ukiwa na kigari cha mtoto mmoja ashike juu mwingine chini, na wa miaka mitano anashikwa na nani hapo? Paris nako wanasema ndo afadhali ya jana, laini mpya kama ile ya 14 ina lifti ila nyingi za zamani ni kupanda na kushuka. Mume wangu anasema basi tupande mabasi, London kigari kinaingia bila kukunjwa kama ile nafasi ya viti vya walemavu iko wazi. Sawa, ila binti ameshaahidiwa kukaa ghorofani siti ya mbele kabisa, na kigari hakipandi ghorofani, kwa hiyo hapo tayari tumeshagawanyika, mmoja juu mmoja chini, kila safari. Kuna anayeniambia niachane na kigari nimbebe mgongoni kwa mbeleko tu, lakini huyu kijana ana uzito wake, na kigari ndo kitanda chake cha mchana. Nyie mlioenda na wa umri huu mlifanyaje, maana hili nalo linaninyima usingizi kuliko hata viza.

Mnara wa Eiffel sasa. Kigari kinatakiwa kiwe cha kukunjwa, hiyo sina neno. Ila mwenzangu amesoma kwamba foleni ya ngazi ni fupi kuliko ya lifti, kwa hiyo ameandika "ngazi". Ngazi 674 mpaka ghorofa ya pili!! Nikamuuliza nani anambeba nani, akasema watoto wana nguvu kuliko tunavyodhani. Na anataka usiku turudi tena watoto wauone ukimetameta, kila saa unametameta dakika tano giza likishaingia. Vizuri, ila mwezi wa sita kule jua linazama karibu saa nne usiku. Wangu wanalala saa mbili. Hata hilo la kulala tu lenyewe ni kesi, chumba cha hoteli kimoja, mapazia mepesi, nje bado mchana kweupe, watoto wakishalala sisi wawili tunakaa gizani tunanong'onezana. Ndo maana nataka nyumba ya kupanga ya siku chache, yenye sebule na jiko na mashine ya kufulia, hata kama iko mbali kidogo na katikati. Yeye anataka hoteli ya katikati ili turudi kwa miguu mchana. Hapa nakiri ana hoja, maana nyumba ikiwa mbali ule mpango wangu wa kurudi kulala mchana unakufa wenyewe.

Msije mkanielewa kwamba mimi nataka kwenda kukaa kwenye bembea tu. Kuna kitu changu pale Paris, pale makumbusho ya Orangerie, vile vyumba viwili vya duara la yai vyenye michoro mikubwa ya Monet ya mayungiyungi, imezunguka ukuta mzima. Nataka nikae kwenye benchi pale nusu saa bila mtu kuniambia anataka kukojoa. Nusu saa tu. Kwa hiyo nikisema London peke yake, na mimi najinyima. Mume wangu akasema basi tupokezane, siku moja yeye anabaki na watoto bustani ya Luxembourg, kuna vimashua vya kuchezea kwenye lile bwawa, mimi niende zangu, kesho yake mimi nibaki yeye aende Louvre. Wifi yangu anasema hilo ndo jibu, sijui kwa nini nalalamika. Lakini tumetoka wote mbali kiasi hicho halafu tuonane jioni kuulizana siku ilikuwaje? Au ndivyo inavyokuwa tu ukiwa na wadogo?

Na kuna wazo la tatu ambalo ndo limenifanya niandike. Mama mkwe amesema tumwachie huyu mdogo. Kwa moyo safi kabisa, anampenda, mtoto anamzoea, na anasema wa miaka miwili hatakumbuka mnara wala nyangumi. Baba watoto amelidaka hapo hapo. Na kihesabu linaingia, maana huyu wakati wa kwenda bado hajafika miwili hivyo anapakatwa kwa sehemu ndogo ya nauli, wakati wa kurudi ameshatimiza na mashirika mengi yanataka awe na siti yake, kwa hiyo tunalipia siti ya mtoto ambaye atakaa mapajani kwangu njia nzima vilevile. Bila yeye hakuna kigari, hakuna usingizi wa mchana, pampasi hakuna, binti anaweza kutembea ukimpumzisha, hata ile miji miwili inaanza kuwezekana. Yote hayo nayaona. Ila siku anayotimiza miaka miwili mi niko Paris nakula keki na dada yake? Yeye hatajua, mimi nitajua. Na binti naye tayari anauliza kwa nini mdogo wake haji, amefanya nini.

Kwa hiyo naomba mnisaidie, na msiniambie tu "fuata moyo wako" maana moyo wenyewe unasema vitu vitatu. Aliyewahi kumwacha mdogo akasafiri na mkubwa, ilikuwaje, ulifurahia au ulikuwa kwenye simu kutwa? Aliyeenda nao wote, mji mmoja au miwili, na ule usingizi wa mchana mliuokoa vipi, hotelini au kwenye kigari huku mnatembea? Na kati ya hiyo miji miwili, kama ungekuwa na watoto wa miaka mitano na miwili na siku chache, ungeshukia upi kwanza?

Mjibu mapema tafadhali, mwenzangu tiketi ameshaziweka kwenye kapu na kila jioni ananionyesha bei imepanda kiasi gani.

Mama wa wawili