Malalamiko Kuhusu Zafarani ya Bandia Mliyoniuzia

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: ZAFARANI YA BANDIA NDANI YA VIKASHA VYENU

Mimi ni mpishi wa shughuli, na biriani ndiyo inayonilisha. Mwezi uliopita nilinunua kwenu vikasha sita vya gramu tano, vimeandikwa "negin, daraja la kwanza, Khorasan, Iran". Nilifungua kimoja nikaziroweka nyuzi kidogo katika maji ya uvuguvugu. Maji yaligeuka mekundu papo hapo, nyuzi zikapauka hadi kuwa nyeupe. Harufu hakuna. Nilipozionja, zilikuwa tamu.

Zafarani ya kweli ni chungu ulimini. Hutoa rangi polepole, maji yakawa ya manjano ya dhahabu, na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu hata zikilala majini usiku kucha. Mlichoniuzia kimetiwa rangi, na kwa utamu ule naamini kimepakwa sukari kiongezeke uzito. Harusi ilikuwa Jumamosi. Ilinibidi nikope pesa nitafute zafarani kwingine, kwa sababu wenye shughuli walilipia biriani ya zafarani, na hiyo ndiyo niliyowaahidi.

Kikasha cha pili kilikuwa na nyuzi za kweli zilizochanganywa na nyingine, lakini hata hizo si negin. Negin ni nyuzi ndefu, nyekundu tupu, zilizoondolewa mkia wa manjano. Hizi zina mikia na nyingi zimevunjika. Zenye mikia Wairani huziita pushal, na bei yake ni ya chini.

Kilichoniudhi zaidi ni karatasi iliyomo ndani, inayosema hili ni "zao la mbegu bora, lililovunwa Juni". Mzafarani hautoi mbegu. Ni mmea tasa, hupandwa kwa matunguu ambayo huzaana ardhini, mkulima akayachimbua na kuyapanda upya. Juni kule Khorasan majani yamekwisha kukauka na tunguu limelala chini ya udongo. Maua hutoka Oktoba na Novemba, kwa wiki chache tu. Aliyeiandika karatasi ile haijui bidhaa anayoiuza, na nyinyi mkaipitisha.

Kila ua la zambarau lina nyuzi tatu tu. Wachumaji huingia shambani alfajiri, kabla jua halijawa kali, mgongo umeinama kwa kuwa ua liko karibu na ardhi. Siku hiyohiyo nyuzi huchambuliwa kwa vidole, na wanaoifanya kazi hiyo wengi ni wanawake. Gramu moja kavu hutaka maua kama 150, kwa hiyo kikasha chenu kimoja kingehitaji 750 hivi. Halafu nyuzi hukaushwa kwa joto la upole mpaka zimepoteza takriban sehemu nne kati ya tano za uzito. Hapo ndipo harufu inapozaliwa, sehemu ya ule uchungu ikigeuka kuwa safranali, kiini cha harufu ya zafarani. Joto likizidi, rangi huungua. Unyevu ukibaki, nyuzi huota ukungu. Ni kazi ya watu hao mliyoibandika jina lake juu ya uzi uliotiwa rangi, na jambo hili linaniuma kuliko pesa zangu.

Nataka nirudishiwe pesa zote za vikasha sita. Nataka pia cheti cha maabara cha shehena hii kwa kipimo cha ISO 3632, kiwango cha kimataifa cha zafarani, ambacho kwa daraja la kwanza hudai nguvu ya rangi isiyopungua 200, pamoja na mwaka wa mavuno. Kama cheti hakipo, viondoeni vikasha vilivyobaki madukani kabla hajauziwa mwingine.

Nitasubiri siku kumi na nne, kisha nitalipeleka suala hili kwa Shirika la Viwango la Kenya. Vikasha vinne havijafunguliwa, viwili vilivyofunguliwa nimevihifadhi, na risiti ninayo. Tumeni mtu aje achukue sampuli mbele yangu.

Wenu,
Mpishi na mteja wenu